Haijaonekana

Kazini walimwita Mama Chupa, na jina lilimkaa vizuri, maana tangu asubuhi hadi saa kumi jioni kazi yake ilikuwa chupa. Alikuwa mwosha vyombo wa maabara ya maji. Chupa za sampuli, mirija ya vioo, bilauri ndefu zilizochorwa mistari ya vipimo, zote zilipita mikononi mwake. Alizipiga sabuni, akazisuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kisha akaiinua kila moja mbele ya dirisha, akafumba jicho moja na kuitazama kama mtu anayetafuta unywele kwenye mboga ya jirani. Ikiwa na ukungu hata wa ukubwa wa punje ya mchele, ilirudi kwenye sinki. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Katika muda wote huo alivunja chupa nne tu, na kila moja angeweza kukueleza ilivunjika siku gani na ni nani aliyekuwa amemsemesha.

Shaka ilikuwa hulka yake. Muuza maziwa alipofika mlangoni hakujisumbua tena kumsifia maziwa. Alimpa kikombe, akageuka pembeni, akangoja ayanuse amalize. Bintiye alikuwa na utani wake, kwamba mama akifika peponi atasimama kwanza kuuliza ni nani aliyepaka rangi ule mlango na kwa nini haujakauka.

Lakini shaka nyingine ilikuwa na historia. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kona, katika safu iliyoegemea ukuta wa kiwanda cha vipuri vya baiskeli. Mumewe alifanya kazi humo miaka kumi na minne, kwenye mapipa ambamo minyororo na mihimili ilichovywa ili itoke grisi. Alirudi nyumbani kila jioni na harufu moja, tamu na kali, kama ya ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Harufu hiyo ilikaa kwenye mashati yake hata baada ya kufuliwa. Kiwanda kilifungwa, mapipa yakaachwa humo ndani, na mwaka uliofuata mume naye akaanza kuwa wa manjano machoni. Hospitali waliandika kwamba ni ini. Watu wa mtaani wakasema ni pombe, kwa kuwa marehemu alikuwa akipiga chupa mbili tatu mwisho wa wiki. Mama Chupa alimuuliza daktari kama haiwezi kuwa ile dawa ya mapipa. Daktari akasema inawezekana. Akamuuliza kama ni pombe basi. Daktari akasema hiyo pia inawezekana. Alitoka pale na cheti cha kifo mkononi, na hasira ambayo hakupata wa kumbebesha.

Miaka saba ikapita. Bintiye, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi ya barabara mbali na nyumbani, akarudi kwa mama yake akiwa na mimba ya miezi mitano, ajifungulie pale. Ilikuwa furaha, na Mama Chupa akaitoa cherehani yake mbovu chumbani ili kitanda cha pili kipate nafasi. Wiki ya tatu mvua kubwa ikanyesha siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu akaenda kisimani, kwenye ile pampu ya mkono iliyohudumia safu nzima, akajaza ndoo, akairudisha jikoni, akafunua kifuniko ili achote maji ya chai.

Akasimama na kata mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na shati la mumewe.

Ndivyo alivyomweleza bintiye baadaye, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuieleza ile harufu. Ilikuwa hafifu sana, ya kuja na kuondoka. Binti akainama, akavuta pumzi, akasema hasikii kitu. Jirani yao, fundi cherehani aliyekuwa mgonjwa wa figo, naye akanusa, akasema anasikia, tena sana. Lakini Mama Chupa hakumtilia maanani, kwa sababu fundi alikubali kabla pua yake haijafika kwenye ndoo.

Sasa hapa ndipo kazi yake ilipomfaa, au alipodhani itamfaa. Kila mwezi idara ya maji ililetea maabara chupa kutoka visima vya mji, na kisima cha mtaani kwake kilikuwa kimojawapo. Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa korido. Alikuwa ameyapita mara nyingi bila kuyasoma, kama mtu anavyopita picha ya harusi ya nyumba aliyoizoea. Siku hiyo akavaa miwani, akasoma. Kulikuwa na chumvi, na wadudu, na rangi, na chini kabisa mstari wa kiyeyushi cha grisi, dawa ile ya mapipa. Mbele yake kulikuwa na neno moja: Haijaonekana. Akarudi nyuma kwenye karatasi za miezi iliyopita, zilizotobolewa na kutungwa kwenye msumari. Haijaonekana. Haijaonekana. Karatasi kumi na moja, neno lile lile, na chini ya kila moja sahihi ya mkuu wa maabara na muhuri: Maji ni salama.

Pua yake ilikuwa imeona kitu ambacho mashine ya chumba kizima ilishindwa kukiona. Kuanzia hapo akaanza kuwatazama watu.

Wa kwanza alikuwa Mkemia, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mpole, ambaye kila asubuhi alimpa shikamoo yake bila kusahau. Huyo ndiye aliyeiendesha mashine. Mama Chupa aligundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote: Mkemia hakunywa maji ya bomba la pale kazini. Alikuja na chupa yake ya bati, akaimaliza, na ikiisha alikaa na kiu mpaka jioni. Bomba hilo lilivuta maji kutoka upande ule ule wa mji. Mpimaji wa maji anayeogopa maji. Aliligeuzageuza jambo hilo kichwani huku akisugua mirija, na kila alivyoligeuza halikukaa vizuri.

Wa pili alikuwa mkuu mwenyewe. Mwezi ule alianza kutembelewa na bwana mmoja wa suti ya kijivu, mwenye michoro ya majengo iliyokunjwa chini ya kwapa. Mhudumu wa chai alimnong'oneza Mama Chupa kwamba bwana yule anataka kujenga nyumba za kupangisha kwenye kiwanja cha kiwanda. Mlango ulifungwa wakati wa mazungumzo yao. Mkuu hakuwa na mazoea ya kufunga mlango.

Basi akaamua kuwatega.

Alichota ndoo moja ya maji ya kisima asubuhi, kabla ya watu kuamka vizuri, akajaza chupa mbili za sampuli alizokuja nazo kutoka kazini. Moja aliipa lebo ya mtaa wake, kwa mwandiko wa mchukua sampuli, aliouiga barabara. Ya pili akaipa lebo ya kijiji cha mbali ambacho hakina kiwanda wala ukuta wa kiwanda. Akazitia kwenye kapu, akazifunika kwa khanga, na kazini akazipanga pamoja na chupa zilizoletwa siku hiyo. Alikuwa hajawahi kudanganya mtu kazini, hata kwa dakika za kuchelewa.

Siku nne baadaye majibu yakatoka. Mtaa wake: Haijaonekana. Kijiji cha mbali: Sita. Na kipimo kinachoruhusiwa, kama ilivyoandikwa pembeni mwa karatasi, kilikuwa tano.

Maji yale yale. Alipoona hivyo alihisi joto likimpanda shingoni, na halikuwa la hofu tu. Kulikuwa na ladha ya ushindi ndani yake. Walikuwa wanaficha, ya mtaa wake wanaiandika kwa kalamu ya uongo, na walipodhani ni ya watu wengine, ukweli umewaponyoka.

Alimngoja Mkemia abaki peke yake kwenye chumba cha mashine, akaingia na glovu zake zikiwa bado zinachuruzika, akaweka zile karatasi mbili mezani.

"Haya maji nimeyachota mimi," akasema. "Ndoo moja, kata moja, asubuhi moja. Sasa niambie, ni karatasi ipi kati ya hizi inayosema uongo?"

Mkemia alizisoma zote mbili polepole. Mama Chupa alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa vitisho, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa swali.

"Chupa ulizitoa wapi, mama?"

Akamwambia. Moja ilitoka kabatini, miongoni mwa zile zilizofungwa tayari. Lakini za kabatini zilikuwa zimehesabiwa, na akaona mbili zikipungua mtu angeuliza, kwa hiyo ya pili aliichukua kwenye rafu ya kukaushia, ile ya humo humo ndani ya chumba cha mashine. Alipokuwa akiyasema hayo sauti yake ilianza kupungua, maana alikwisha kuliona shimo kabla Mkemia hajamwonyesha.

Mkemia alifungua droo, akatoa kichupa kidogo kuliko kidole gumba, kilichofungwa utepe mweupe. Akamweleza kwamba humo mna kiyeyushi chenyewe, kile cha kutolea grisi. Kila asubuhi hukifungua ili aifundishe mashine harufu ya kuitafuta. Na kikifunguliwa, mvuke wake huzagaa chumba kizima. Chupa tupu isiyo na kifuniko ikikaa pale siku mbili tatu, inaweza kuunywa mvuke huo.

"Kwa hiyo ile sita ni yangu," akasema Mama Chupa.

"Inaweza kuwa yako. Inaweza kuwa ya maji. Inaweza kuwa nusu kwa nusu. Kwa chupa ile siwezi kujua."

Miaka kumi na tisa ya kusuuza mara tatu na mara tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyechukua chupa chafu. Alijiona mdogo. Lakini hapo hapo shaka ikamrudia na kumshika mkono: mbona jibu lilikuwa tayari namna hii? Mwongo mzuri ndiye mwenye sababu mfukoni. Akavuta kiti, akavua glovu, akakaa. Hakutoka humo mpaka amemaliza.

Akauliza neno "haijaonekana" maana yake nini hasa. Mkemia akamjibu kwamba mashine yao ni ya zamani, na chini ya mbili haioni. Kikiwepo kiasi cha moja na nusu, itasema haijaonekana. Kisipokuwepo kabisa, itasema vile vile. Akauliza kwa nini basi hawaandiki hivyo. Mkemia akasema fomu ina nafasi ya neno moja.

Akauliza ile tano ilitoka wapi, nani aliiweka. Mkemia akakuna kichwa, akaanza kumsimulia habari za panya. Panya walinyweshwa kiyeyushi kwa wingi mpaka wakaugua, kisha wengine wakapewa kidogo zaidi, na wengine kidogo zaidi, mpaka kikapatikana kiasi ambacho panya hawakuonekana kuugua. Kiasi hicho kikagawanywa kwa kumi, kwa sababu mtu si panya. Kisha kwa kumi tena, kwa sababu watu hawafanani, yupo mzee na yupo mtoto.

"Kwa nini kumi?" akauliza Mama Chupa. "Kwa nini isiwe kumi na saba?"

Mkemia akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Kumi ni rahisi kugawanya."

Mama Chupa hakucheka. Akauliza habari za wajawazito. Mkemia akakirudisha kichupa drooni. Akasema kuna uchunguzi mmoja, wa mji wa mbali, ulioona watoto wakizaliwa na uzito mdogo pale ambapo maji yalikuwa na kiyeyushi hicho. Ukafanywa wa pili, ukatafuta jambo lile lile, ukalikosa. Wa tatu ulikuwa na wanawake wachache mno kiasi kwamba haukuweza kusema lolote. Na uchunguzi wote huo ulihusu maji yenye kiasi kikubwa. Kwa kiasi kidogo kama hiki, miaka baada ya miaka, hakuna aliyejua. Mama Chupa akamuuliza na habari za mtu aliyeishika dawa hiyo kwa mikono miaka kumi na minne, akafa kwa ini, naye akinywa pombe kidogo. Mkemia alimtazama, akaelewa kwamba hilo halikuwa swali la mfano. Akasema pole. Akasema ini likishaharibika halina lebo.

Ndipo Mama Chupa akauliza alilokuwa ameliweka mwisho. "Na ile chupa yako ya bati?"

Mkemia aliitazama, ilikuwa juu ya meza kati yao.

"Sijui, mama," akasema. "Ningejua maji haya ni mabaya ningepiga kelele. Ningejua ni mazuri ningeyanywa. Sijui, kwa hiyo nabeba yangu."

"Na sisi umetupa muhuri."

Mkemia akaishusha ile chupa ya bati chini ya meza.

Jumanne iliyofuata walienda pamoja mtaani, mchana, kila mmoja akimchunga mwenzake. Mkemia alichukua chupa tatu za kabatini, zilizofungwa, na ya nne aliijaza maji yaliyochujwa ya maabara, akaifunga na kuibeba bila kuifungua tena. Akaeleza kwamba hiyo ni ya kuwachunguza wao wenyewe, ikitoka na kitu basi kosa liko mikononi mwao. Mama Chupa aliipenda chupa hiyo ya nne kuliko maneno yote aliyoambiwa. Alipiga pampu, Mkemia akajaza, na fundi cherehani akasimama mlangoni kwake na futi shingoni akiwatazama.

Majibu: ya kwanza tatu, ya pili haijaonekana, ya tatu nne. Ya nne, ile ya kuwachunguza wao, haijaonekana.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu. Pua yake haikumdanganya. Lakini kilikuwa chini ya tano, na mkuu wa maabara alipoletewa aliandika: Ndani ya kiwango, maji ni salama. Mkemia aliongeza ukurasa wa pili, akaeleza kwa lugha nyepesi mashine isivyoona chini ya mbili, majibu yanavyopanda na kushuka baada ya mvua, na yale ambayo hakuna mtaalamu aliyeyajua kuhusu mimba. Mama Chupa aliusoma kabla haujapelekwa juu. Siku majibu yalipobandikwa kwenye ubao, ukurasa ulikuwa mmoja.

Alimuuliza Mkemia ukurasa wa pili uko wapi. Akasema mkuu ameona utawachanganya wananchi. Mama Chupa alimkazia macho muda mrefu, akijaribu kusoma kama mtu huyu kweli aliupeleka, au aliuandika ili yeye Mama Chupa anyamaze. Hakuweza kusoma kitu. Akamwambia wakazi watakutana Jumamosi alasiri uani kwa fundi cherehani, na kama ukurasa hauruhusiwi kubandikwa, yeye mwenyewe ana miguu. Moyoni alikuwa na hakika Mkemia hatatokea.

Alitokea, amechomekea shati, na chupa yake ya bati mkononi. Uani kulikuwa na watu kama thelathini, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, binti wa Mama Chupa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mkemia alisema yote, kama alivyoyasema chumbani, na habari za panya akazieleza vizuri zaidi. Watu walisikiliza kwa utulivu mpaka alipomaliza, kisha utulivu ukaisha.

Fundi cherehani alisimama kwa shida. Akasema figo zake zimeharibika, kila mtu hapa anajua, na anachotaka ni kitu kimoja tu, kuambiwa kwamba ni maji.

"Siwezi kukuambia ni maji," akasema Mkemia. "Wala siwezi kukuambia si maji."

"Sasa wewe ni mtaalamu wa nini?"

Watu wakacheka, na halikuwa cheko zuri. Mama mmoja mwenye watoto sita akasema wake wote wamekua kwa maji haya na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa, wanatishwa bure. Mwingine akasema huyu ametumwa na yule bwana wa suti ya kijivu, wahame kwa hofu, kiwanja kipanuliwe. Wa nyuma yake akasema la, ametumwa na mkuu, aje awapakazie maneno mengi mpaka wachoke. Tuhuma zilikuwa zinapingana, lakini zote zilipokelewa kwa kutikisa vichwa. Mkemia alisimama katikati akiwa hana wa upande wake. Waliokuja kutafuta ndiyo hawakuipata, na waliokuja kutafuta hapana nao hawakuipata.

Mama Chupa alikuwa na tuhuma zake, tena nyingi kuliko zao wote, na za zamani zaidi. Lakini alijikuta amesimama. Akasema kwa kifupi kwamba yeye, Mama Chupa, ndiye aliyemtega mtu huyu kwa chupa mbili, na chupa chafu ikawa ya mtegaji. Angeweza kumuumbua, hakumuumbua. Hajui kama anasema kila kitu. Anachojua ni kwamba wote waliowahi kumwambia neno la uhakika, tangu hospitali mpaka mihuri ya ofisini, hakuna aliyemwonyesha limetoka wapi. Huyu amemwonyesha hata mahali lilipokatikia.

"Wengine fanyeni mnavyoona," akasema. "Binti yangu hanywi tena ya hapa. Ya kufulia, ya kupigia deki, sawa. Ya kunywa tutayafuata pampu ya sokoni."

Nusu ya mtaa ikamfuata. Nusu nyingine ikabaki na kisima, na kwa miezi kadhaa watu walipishana njiani na ndoo zao bila kusalimiana vizuri, kana kwamba ndoo ya mmoja ilikuwa tusi kwa ya mwenzake. Pampu ya sokoni ilikuwa mbali, dakika ishirini kwenda, na zaidi kurudi na mzigo kichwani. Binti alilalamika kwamba mama anajiua kwa kumwokoa. Mama Chupa alibeba.

Wiki sita baada ya mkutano, Mkemia alipewa barua ya uhamisho, kwenda kupima chumvi kwenye kituo cha mabwawa. Barua ilisema ni mahitaji ya kazi. Alikuja kumuaga kwenye sinki, na Mama Chupa akamuuliza kama ni kwa sababu ya mkutano. Akasema hajui; kituo kile kweli kilikuwa hakina mtu. Mama Chupa alisubiri mkuu amwite yeye pia. Hakumwita. Alianza tu kumsalimia kwa adabu kubwa kuliko zamani, na adabu hiyo ilimnyima Mama Chupa raha kuliko ambavyo karipio lingemnyima.

Binti alijifungua mtoto wa kike, kilo mbili na robo tatu kasoro kidogo. Mkunga alisema ni mdogo lakini mzima, analia vizuri. Bibi mtu akauliza kwa nini ni mdogo. Mkunga akasema watoto wengine huja hivyo, na pia mama yake ni mwembamba. Mama Chupa alimfungua mtoto, akamkagua vidole, kucha, nyuma ya masikio, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka bintiye akamwambia amrudishe, si chupa huyo. Miezi mitano ya mwanzo ilikuwa ya maji ya kwingine, alikoolewa, kisha mwezi mmoja na ushee wa kisima, kisha sokoni. Aliyapanga na kuyapangua, na hakupata pa kuweka zile gramu zilizopungua.

Mtoto alikua. Alichelewa kidogo kutambaa, akawahi kusema. Fundi cherehani alifariki, na mazishini watu walibishana tena, kwa sauti ya chini, kama ni maji. Yule bwana wa suti ya kijivu hakujenga; michoro ilipotelea alikojua mwenyewe. Wakaja watu waliovaa buti ndefu, wakayatoa mapipa ya kiwandani, matatu kati yake yakiwa yametoboka chini, na hakuna aliyeweza kusema yalianza kuvuja lini.

Mwaka wa pili maabara ilipata mashine mpya, msaada kutoka nje, na mkemia mpya wa kuiendesha, msichana aliyetoka chuoni juzi, mwenye haraka ya kufanya kazi. Mashine hiyo iliona mpaka sehemu ya kumi ya moja. Mkemia mpya alipima visima vyote vya mji kwa wiki mbili, na Mama Chupa alimwandalia kila chupa kwa mkono wake, akazifunga mwenyewe, na katika kila kapu akaweka ile ya ziada, ya kuwachunguza wapimaji.

Majibu yalipotoka hakungoja ubao. Aliomba karatasi, akavaa miwani. Kisima cha mtaani kwake: tatu nukta mbili. Akashuka kwa kidole mpaka mstari wa sokoni, pampu aliyoifuata kwa ndoo kichwani miaka miwili, mvua na jua. Moja nukta moja.

Alisoma tena, asije akawa amekosea mstari. Alifikiria dakika zile ishirini za kwenda. Alifikiria watu waliokuwa hawamsalimii. Kisha akamgeukia mkemia mpya, akamuuliza kwa upole, kwa kuwa msichana hakuwa na kosa lolote:

"Moja nukta moja, kwa mtoto wa miaka miwili, ni nyingi au ni kidogo?"

Msichana akaiangalia karatasi, akaiangalia mashine yake mpya inayong'aa.

"Inategemea," akasema.

Mama Chupa akavua glovu, akasogeza kigoda, akakaa.